Kobe si Kasa

Mkono wa Nazira ulikuwa bado ardhini, umezama hadi kwenye bangili, pale pale tulipouacha, na mota, pikipiki ya wageni, imeshazimwa nje ya ua wa makuti.

Hakuuchomoa. Ukiuchomoa kwa pupa udongo unaporomoka, udongo ukiporomoka mayai yanabingirika, na yai la kobe likishageuka juu chini limekwisha, halina dawa wala dua. Alibaki amepiga magoti, kanga imemteleza begani, akimsikiliza sekretario wa kijiji, Abdulcarimo, akibisha hodi kwa sauti ya mtu anayejua kuwa mgeni aliyemleta hakualikwa.

"Hodi wenyewe. Nimekuja na serikali."

"Serikali gani tena," akauliza Bi Wahida, mama mkwe wa Nazira, kutoka barazani. Hakuinua uso kwenye ungo. Aliuliza kama mtu aulizavyo leo mboga gani.

"Ya bahari, bibi. Samaki na jamaa zake."

Aliyeingia nyuma ya sekretario alikuwa mtu mrefu wa kusini, jina lake senhor Januário, vumbi la njia ya mjini Palma limemkaa mpaka kwenye kope. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mkono mmoja ulishika kofia, wa pili ulishika ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na mchanga mbichi wa pwani.

Ndoo ile ndiyo iliyomtisha Nazira. Sare ameshazizoea, kijiji chao cha Quionga kimeona sare za kila rangi. Lakini mtu anayekuja na ndoo amekuja kuchukua.

Januário akasalimia vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki, kifupi, kinakwenda moja kwa moja kwenye bei. Akasema amesikia kuwa ndani ya ua huu kuna mayai ya tartaruga. Je, ni kweli au ni maneno ya watu?

"Ni kweli," akasema Nazira.

Akawa amejifunga kamba mwenyewe, msomaji wangu. Na kamba yenyewe alikuwa ameisokota tangu Jumanne, kwenye eskola, shule ya jioni.

Jumanne ile professora Flávia aliwataka wanafunzi wake wazima, mmoja mmoja, wasimame waseme kwa Kireno kazi wanayoifanya nyumbani. Wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao, kila mtu amechoka na machamba na kuni na vilio vya watoto, lakini wamekuja. Zamu ikamfikia Nazira. Kichwani alikuwa na maneno mawili ya kuchagua.

Neno la kwanza ndilo lenyewe: cágado. Ndiye kobe, yule atembeaye nchi kavu na nyumba yake mgongoni. Professora alikwisha kuwaandikia ubaoni, akawaonya kuwa uzito wa neno uko mbele. Ukiuweka uzito nyuma, umesema habari ya mtu aliyejinyea. Darasa zima lilicheka mpaka taa ikatikisika, na Abdulcarimo, ambaye naye ni mwanafunzi, alitembea na neno lile kijijini siku nyingi, anawasalimia nalo wenzake.

Sasa Nazira asimame, mke wa watu, mama wa mtoto, wanaume wamejaa madawati ya nyuma, alitaje? Ulimi ukiteleza kidogo tu, ataitwa hivyo mpaka kaburini. Haya ikamshika. Akachagua neno la pili, la adabu.

"Eu crio tartarugas em casa. Tenho ovos," akasema. Mimi nafuga tartaruga nyumbani, nina mayai.

Wala hakukosea. Kwa Kireno neno lile ni kanga moja inayofunika watoto wawili, kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini. Professora akapiga makofi. Jumamosi akashuka Palma, akakaa mezani na watumishi wenzake, akajisifia mwanafunzi wake wa Quionga aliyesema sentensi mbili bila kosa. Senhor Januário alikuwepo mezani. Kijiko kikamsimama mkononi.

Hivi ndivyo Nazira alivyoshtakiwa na mtu aliyempenda.

Mayai ya kasa hayaguswi, mtoto wa chekechea wa pwani hii anajua. Januário akaeleza hayo kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza mahali pengi na hakusikilizwa. Akasema hakuja kumfunga mtu. Atayachimba, atayapanga ndani ya ndoo kama yalivyolala, atayafukia ufukweni, na yakianguliwa wadogo watakwenda zao baharini.

Nazira akawaona wadogo wale. Akawaona wanatoka mchangani, wanakokota miguu yao ya visigino, na wimbi linakuja. Kobe hajui kuogelea. Kobe akiingia majini ni jiwe.

"Hawa si kasa," akasema. "Ni kobe."

"Kobe, kasa, mimi sijui. Wewe ulisema tartaruga."

"Nilisema."

"Basi, mama."

Abdulcarimo akakohoa. Uso wake ulianza kuchanua, na Nazira akajua kitakachotoka kinywani mwake. "Shemeji, mwambie lile neno. Lile la ubaoni."

Nazira akamtazama mkwewe, akatazama chini.

"Basi mimi nitakusaidia," akasema Abdulcarimo, akajinyoosha mbele ya serikali. "Senhor, huyu ni cagado." Uzito wote akautupa nyuma.

Januário akamkazia macho sekretario. Kisha, taratibu, kama mtu aliyesafiri njia ndefu na hana hakika na nafsi yake, akageuza shingo akaangalia suruali yake kwa nyuma.

Bi Wahida akaushusha ungo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nazira, tangu warudi Quionga kutoka ukimbizini, kumwona mkwewe akificha mdomo kwa upindo wa kanga. Lakini Januário hakucheka. Alimwambia sekretario akae kimya, na sauti yake haikuwa ya kununulia samaki tena.

Nikuibie siri, wewe uliyekuwa safarini wiki zilizopita? Mayai yale hayakuwa mayai tu. Yalikuwa ahadi kati ya Nazira na mumewe.

Latifo ni seremala. Mlango wa nyumba ile amekuwa akiupiga randa upya kila wanaporudi, na kila wanapokimbia vita unavunjwa. Alipoutundika mara ya mwisho alikaa kwenye kizingiti, msumari bado mdomoni, akasema hatautengeneza tena. Mpaka uko Namoto, akivuka mto ana dada yake Mtwara. Twende, akasema, tuwe watu wa kule, tulale. Nazira hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka hata mifupa ya vidole. Ila kukimbia tena, na mtoto mgongoni, safari hii kwa hiari yake, hilo moyo ulikataa.

Ndipo kobe akataga.

Ni kobe jike wa Bi Wahida, mkubwa kama sinia, aliyepewa jina la bibi mwenyewe alipokuwa msichana, na tangu hapo wanaitana somo. Walipokimbia wote, Somo hakukimbia. Walimkuta kwenye majivu ya jiko, gamba lina weusi wa moshi, anatafuna majani ya maboga yaliyojiotea. Dume lake hawakuliona tena. Kwa hiyo mayai haya ndiyo ya mwisho.

"Nyumba iliyozaa haihamwi," akasema Bi Wahida siku ile, na Latifo hakuweza kumbishia mamake. Wakapatana. Yakianguliwa kabla ya mvua, wanabaki. Mvua ikitangulia, wanafunga mizigo. Nazira akayatia alama ya mkaa juu ya kila yai ili ajue upande wa mbinguni, akayafunika udongo, akaweka tenga juu kuzuia kuku, akawa anayanyunyizia maji kwa vidole kama mtu anayeombea. Miezi ikapita. Kusi likaisha. Sasa mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa machamba, mazito, yanangoja.

Na mbele yake ndoo.

"Nionyeshe," akasema Januário.

Nazira akahisi bangili inambana. Januário akaomba maji. Akanawa mikono kwa kata ya mtungini, akanawa tena, akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili wa shimo. Akasema yeye amefukia mayai ya kasa mengi kuliko siku za mshahara. Ya kasa hubonyea, ni kama mpira uliopungua upepo. Yai hatalitoa. Atalala kifudifudi, atalibonyeza lilipo, kwa kidole kimoja. Je, mama anakubali?

Nazira akasogeza mkono wake pembeni, taratibu, akaacha njia.

Kidole cha serikali kikaingia ardhini. Kikatulia. Kikabonyeza. Halafu ikasikika sauti ndogo, ukucha juu ya kitu kigumu, ti, kama kikombe.

Akajaribu la pili. Ti.

Januário akatoa mkono, akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtoto. "Hili halitoki baharini," akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza safari nzima na akashukuru. Akaimwaga ile ndoo ya mchanga kwenye mgomba.

Bi Wahida akamtolea muhogo wa kuchemsha na chai. Januário akala akiwa bado chini. Akasema kobe naye ana taratibu zake, asichukuliwe porini ovyo, lakini aliyezaliwa nyumbani na mama wa nyumbani hana neno naye. Ila lazima amwone huyo mama, ili akisema amemwona awe amemwona. Yuko wapi?

Nazira akalirudisha tenga, akajifuta mikono, akaenda nyuma ya jiko, pale kwenye gome la mnazi ambapo Somo hulala mchana.

Patupu. Pamebaki mlalo wake tu.

Akainama chini ya banda la kuni. Akazunguka mgomba, akafunua gunia la makaa, akaita kwa kugonga bakuli, maana Somo huja akisikia bakuli. Kitu hakikutikisika. Akaenda mlangoni mwa ua. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri, fundo la seremala, lile la kuzungusha mara mbili.

Aliligusa fundo lile kwa kidole, lakini jina la aliyelifunga hakulitaja.

"Kobe ametoroka," akasema Abdulcarimo. "Kwa mbio zile, kesho mtamkuta hapo mlangoni."

Bi Wahida alikuwa ameshika ungo na hapepeti.

Januário akasema hawezi kungoja, anatakiwa Palma kabla ya jioni, atarudi Ijumaa amwone huyo mama. Akavaa kofia. Alipofika kwenye mota akamwita Nazira pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemrekebisha dada yake, kuwa neno lile si aibu. Ni uzito tu. Mbele, mbele kabisa, kama unavyogonga mlango kisha unaacha mkono uanguke. Cá-gado. Akarudia. Nazira akalirudia moyoni. Mdomoni hakuthubutu.

Mota ikaondoka. Kivumbi kilipotua, Latifo alikuwa amesimama kichochoroni.

Amekuja kwa miguu, anasukuma baiskeli yenye gurudumu lililolala kwa kuisha upepo. Mabega yameshuka. Mkononi alikuwa na gunia, na gunia lilikuwa tupu.

Nazira hakuuliza alikotoka. Alinyoosha mkono tu, akalichukua gunia, akaligeuza. Likadondosha jani la boga.

"Baba Zainabo," akasema. "Tulisema mayai."

"Mayai hayatoki, Nazira. Tazama mbingu."

"Tulisema mvua. Mvua imenyesha?"

Latifo akaketi kwenye kizingiti chini ya mlango wake, na maneno yakamtoka vipande vipande. Mama alisema hahami bila somo wake. Basi yeye akafikiri, akimvusha somo kwanza, mama atafuata. Na mama akifuata, Nazira atafuata. Amechoka kuuliza kila asubuhi, wabaki au waondoke. Alitaka mtu mmoja awe ameshaondoka, hata kama ni kobe.

Bi Wahida alisimama barazani, mkono ukutani.

"Umemwiba somo yangu," akasema, "ili nikufuate kama mbuzi."

"Mama."

"Yuko wapi?"

Sasa sikiliza hili, msomaji, maana hapa neno lile lile lilirudi kwa mlango wa nyuma.

Namoto, guarda, mlinzi wa mpakani, alilifungua gunia. Somo akiona mgeni hujikunja, kichwa ndani, miguu ndani, hubaki gamba tu, huwezi kujua ana mapezi au ana visigino. Guarda ni kijana wa bara, bahari ameiona alipopangiwa kazi. Akaliona gamba, akasema tartaruga. Latifo akasema kobe. Guarda akasema tartaruga. Latifo akasema kobe wa mama, guarda akamwita mwenzake aliyeitwa Manuel, Manuel naye akasema tartaruga, tartaruga, haivuki. Kireno cha Latifo kiliishia hapo. Mara ngapi Nazira alimwomba waende pamoja eskola ya jioni, naye akasema amechoka.

Hawakumpiga. Hawakumfunga. Walimhurumia Somo kuliko walivyomhurumia yeye. Walimtoa guniani, wakammwagia maji, wakamfunika kitambaa kibichi. Mchuuzi mmoja aliyekuwa anangoja mtumbwi ndiye aliyemtafsiria kilichobaki, na Latifo alipofika hapa aliinamisha uso.

"Wamesema jioni, maji yakijaa mdomoni mwa mto, watamrudisha baharini."

Bi Wahida akakaa chini. Hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyeachiliwa kamba.

Nazira akatazama baiskeli na gurudumu lake. Akatazama jua, lilikuwa limeshaegemea minazi. Namoto kwa miguu ni kufika na giza. Mota imeshakwenda upande mwingine. Ndipo Latifo akamfungulia kiganja. Guarda mmoja alimwandikia namba kwa kalamu, akamwonyesha kwa ishara, mdomo na sikio, kwamba akipata mtu wa kusema Kireno apige. Jasho la mipini ya baiskeli lilikuwa limezifuta kidogo, lakini zinasomeka.

Mtu wa kusema Kireno. Ndani ya ua ule, ukimtoa Abdulcarimo na uzito wake wa nyuma, alikuwa mmoja.

Mtandao wa Quionga hauji chini. Kwa akina Nazira huja ukisimama juu ya kinu, kile kikubwa, kimegeuzwa kifudifudi kando ya jiko. Mwanamke kupanda juu ya kinu ni mwiko, na siku nyingine yoyote Bi Wahida angemshusha kwa mwiko mwingine, ule wa ugali. Siku hiyo alimshikia upindo wa kanga asianguke.

Zainabo alikuwa ameamka, analia ndani. Latifo akaenda kumbeba. Abdulcarimo, ambaye hakuwa ameondoka, hajawahi kuondoka mahali penye habari, aliegemea nguzo ya ua, na nyuma yake vichwa vya majirani vilianza kuota juu ya makuti.

Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Quem fala?" Nani anaongea.

Nazira akasalimia kwa Kireno cha dawatini, neno baada ya neno, kama mtu avukaye mkondo juu ya mawe. Akasema yeye ni mke wa mtu wa gunia. Akasema yule mnyama mliyemchukua ni wa mama, wa nyumbani. Akasema msimtie majini, atakufa.

Guarda akajibu kwa adabu. Minha senhora, tartaruga hafi majini. Tartaruga ni wa majini.

"Não é tartaruga," akasema Nazira. Siyo tartaruga.

"Então é o quê?" Basi ni nini?

Abdulcarimo alikuwa amefumbua macho, analijua linalokuja, analingoja kama mtu angojaye goli.

Nazira akakumbuka darasa, taa, vicheko. Akamkumbuka Somo kwenye majivu, anatafuna majani bila haraka, siku ambayo wao wote walikuwa wamejificha vichakani. Yule hakuona aibu ya kubaki. Basi na liende. Akafumba macho, akainua ngumi, akapiga hewa kama agongaye mlango.

"É cágado," akasema.

"Como?" Unasemaje?

"Cágado!" Akalipaza mpaka kunguru wakaruka kwenye minazi. "Cágado, senhor. Anatembea nchi kavu. Ana miguu. Cágado, cágado wa mama mkwe wangu."

Hakuna aliyecheka. Abdulcarimo alikuwa amevua kofia, hajui mwenyewe kwa nini.

Kisha guarda akalirudia lile neno, polepole, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu cha utotoni kwao bara, na mara sauti ikabadilika. Nazira akasikia kiti kinaanguka. Akasikia buti zinakimbia juu ya mbao, upepo ukaingia simuni, na ndani ya upepo maji.

"Manuel!" guarda akaita, mbali na simu. "Manuel, espera!" Ngoja.

"Nini?" akauliza Bi Wahida kutoka chini. "Wanasema nini?"

Nazira akamwonyesha mkono, anyamaze. Alikuwa ameibana simu sikioni mpaka inauma. Guarda alirudi kwenye simu akihema, akamwambia kuwa mwenzake ameshashuka mtoni na mnyama ndani ya kile kitambaa kibichi, maji yamewahi leo, amwombe Mungu. Kisha akaondoka tena mbio, simu ameiacha wazi.

"Nazira," akasema Latifo.

Hakumsikia.

"Mama Zainabo." Sauti ya mumewe ilikuwa ndogo, imekatika katikati. Alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, mtoto begani, na tenga ameliinua kwa mkono mmoja. Yule Latifo wa gunia hakuwepo. Alikuwa ameinamia udongo kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Udongo ulikuwa unapanda na kushuka. Ukapasuka ufa mwembamba, mstari wa unywele, na katika ufa ikachungulia pua, ndogo kuliko punje ya mtama, ina vumbi.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya mkono wa Latifo. La pili likaanguka juu ya pua ile.

Nani ametangulia, kobe au mvua? Latifo aliinua macho kumtazama mkewe, kama anayemwomba yeye aseme.

Nazira hakushuka kinuni. Simuni, ng'ambo ya upepo ule, mtu alikuwa anaita jina la Manuel tena na tena, na Manuel haitiki.